Kabla hujampa fundi pesa ya kabati, ijue kwanza plaiwudi

MVUA za Novemba zikishashika mjini Kigoma, kuna nyumba ambazo milango ya kabati huanza kugoma kufunga. Ubao wa chini unavimba, rangi inapasuka kwenye kingo, na rafu ya nguo za watoto inalegea katikati kama kamba ya kuanikia. Familia iliyojibana miezi kadhaa ili inunue kabati hilo hubaki ikimlaumu fundi.

Mara nyingine fundi anastahili lawama. Lakini mara nyingi kosa lilianza dukani, siku ubao uliponunuliwa bila mtu kuuliza ni wa aina gani, umeunganishwa kwa gundi gani na ndani yake kuna nini. Kwa mzazi anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika, ambako hewa ni ya unyevu, mchwa hawalali na masika ni marefu, maswali hayo ndiyo yanayotenganisha kabati la miaka 15 na kabati la misimu miwili.

Zamani swali hili halikuwapo sana. Samani ya nyumbani ilikuwa ya mninga au mkurungu kutoka misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania, na kitanda kimoja kilirithiwa na wajukuu. Siku hizi mbao hizo zimekuwa adimu na ghali. Kuzivuna na kuzisafirisha kihalali kunahitaji vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na anayeuza mbao za magendo humwachia mnunuzi hatari ya kukamatwa nazo njiani. Ndiyo maana karakana nyingi, kuanzia Mwanga na Gungu hadi Ujiji, zimehamia kwenye mbao za kiwandani.

Si vibaya kuhamia huko. Plaiwudi nzuri ni ubao imara kuliko wengi wanavyodhani. Tatizo ni kwamba neno “plaiwudi” limekuwa kapu linalobeba vitu vingi visivyofanana.

Dukani kuna ndugu wanne

Wa kwanza ni plaiwudi yenyewe. Kiwandani gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu, likamenywa ganda jembamba mithili ya mkeka unaokunjuliwa. Maganda hayo hupangwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi na joto. Siri yake iko kwenye mpangilio: nyuzi za kila tabaka hukatiza nyuzi za tabaka la jirani. Mbao hutanuka na kusinyaa sana upande wa upana wake, lakini kidogo mno upande wa urefu. Tabaka zikikatizana, kila moja humzuia mwenzake asitanuke. Ndiyo sababu plaiwudi haipasuki ovyo, na ndiyo sababu tabaka zake kwa kawaida huwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili pande zote mbili zivutane sawa.

Tanzania hutengeneza plaiwudi yake. Huko Mafinga, wilayani Mufindi, karibu na Shamba la Miti la Sao Hill, kuna viwanda vinavyomenya magogo ya milingoti na misonobari. Nyingine huingizwa kutoka nje ya nchi.

Wa pili ni blokibodi. Uso na mgongo wake ni maganda kama ya plaiwudi, lakini tumbo lake ni vipande vya mbao nzima vilivyolazwa sambamba. Ni nyepesi kidogo na inafaa milango mirefu ya kabati, mradi vipande vya ndani vimebanana.

Wa tatu ni MDF, unga laini wa nyuzi za mbao uliogandishwa. Haina fundo wala mwelekeo wa nyuzi, inapokea rangi vizuri na inachongeka maua. Udhaifu wake ni maji na uzito.

Wa nne ni chipubodi, yaani vipande vidogo vya mbao vilivyochanganywa na gundi na kushindiliwa, kisha kuvikwa karatasi yenye picha ya mbao. Kabati nyingi za kupanga zinazokuja ndani ya maboksi ni za aina hii. Ikinywa maji huvimba, na hata ikikauka hairudi ilivyokuwa. Skurubu ikichomolewa mara mbili mahali pamoja, shimo huwa unga mtupu.

Mzazi akifika dukani na kusema tu “nipe plaiwudi ya kabati”, anaweza kupewa yeyote kati ya hao.

Herufi zinasema uzuri, hazisemi nguvu

Kwenye plaiwudi nyingi hupigwa mhuri wenye herufi kama A, B, BB, C au CC. Mara nyingi huandikwa mbili kwa pamoja, mfano BB/CC. Ya kwanza ni daraja la uso, ya pili ni la mgongo.

Kwa kawaida A ni uso safi, uliopigwa msasa, usio na fundo wala kiraka. B huruhusu fundo ndogo zilizoshikamana. BB huwa na viraka vilivyozibwa vizuri. C na CC huwa na fundo, nyufa na hata matundu. Kila nchi ina utaratibu wake, hivyo herufi ya kiwanda kimoja si lazima ilingane na ya kingine. Jicho lako ndilo mwamuzi wa mwisho.

Jambo la kukumbuka ni kwamba herufi hizo zinazungumzia sura tu. Hazikuambii kama gundi itastahimili maji, wala kama tumbo lina mashimo. Mnunuzi anaweza kulipia uso wa A na kupata ubao utakaofumuka jikoni msimu wa kwanza. Na kinyume chake ni kweli: rafu za ndani zisizoonekana na mtu hazihitaji uso wa A. Kulipia uzuri unaokwenda kufichwa nyuma ya sufuria ni kutupa pesa.

Gundi ndiyo inayojibu mvua

Gundi za plaiwudi ziko za aina tatu hivi. Ya yurea ni ya bei nafuu na rangi yake ni nyeupe au hafifu. Inafaa mahali pakavu tu. Ya melamini huvumilia unyevu zaidi. Ya fenoli, ambayo mara nyingi huacha mstari mweusi au wa kahawia katikati ya tabaka, ndiyo inayovumilia maji kuliko zote.

Ukiona mhuri wa MR, gundi yake inastahimili unyevu wa hewa na matone, lakini si kuloweka. WBP ni alama ya zamani ya Uingereza inayomaanisha gundi inayohimili hali ya hewa na maji ya kuchemka. Kwa viwango vya Ulaya kuna daraja la 1 la ndani pakavu, la 2 la mahali penye unyevu na la 3 la nje.

Mhuri, hata hivyo, ni wino, na wino haukatai kuandikwa popote. Kuna jaribio la nyumbani. Omba kipande cha masalia cha ubao uleule, kiasi cha kiganja. Kichemshe nje kwa saa nne kwenye kopo kuukuu lisilotumika kwa chakula, kikaushe kabisa, kisha ukichemshe tena saa nne. Kikikauka jaribu kukipenya kwa ncha ya patasi. Tabaka zikiachana kama kurasa za daftari, ubao huo ni wa sebuleni au chumbani, tena juu ya sakafu isiyopigwa maji. Zikigoma, unaweza kuupeleka jikoni.

Angalia tumbo

Ubao wenye uso mzuri na gundi nzuri bado unaweza kuwa mtupu ndani. Viwanda vingine huunga vipande visivyofika, na katikati hubaki mapengo. Skurubu ya bawaba ikiangukia kwenye pengo, mlango hautakaa.

Hapa ndipo methali inapofanya kazi: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama utazame kingo zote nne za ubao. Hesabu tabaka. Plaiwudi ya milimita 18 yenye tabaka 9 hadi 13 kwa kawaida hutulia kuliko yenye tabaka chache nene. Tafuta matundu meusi kati ya tabaka. Kisha gonga uso kwa kifundo cha kidole kutoka pembe moja hadi nyingine. Sauti ikibadilika ghafla na kuwa ya debe tupu, hapo kuna pengo.

Pima pia unene. Ubao unaouzwa kama wa milimita 18 unaweza kuwa 16 au pungufu, na kwa jicho tofauti haionekani. Njia rahisi ni kupima rundo: mbao kumi za milimita 18 zikilaliana vizuri zinapaswa kufika karibu sentimita 18. Zikiishia 16, mnunuzi anajua analipia nini.

Mwisho, lala na jicho lako usawa wa ubao uone kama umepinda. Mzigo unaotoka Dar es Salaam kwa reli husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya kufika Kigoma, hupakiwa na kupakuliwa, na pengine hunyeshewa. Pembe zilizovimba au zenye doa la maji ni sababu tosha ya kuomba ubao mwingine.

“Marini bodi” si lazima iwe ya majini

Katika mji wa bandari na mitumbwi, jina hili linauza. Wengi hudhani ubao wowote unaoitwa marini bodi umetengenezwa kwa ajili ya boti. Ukweli ni kwamba ule wa kahawia unaong'aa unaouzwa kwa jina hilo, kwa kawaida ni ubao wa kufungia zege. Umevikwa utando mgumu ili saruji isigande juu yake. Utando huo huzuia maji usoni, lakini tumbo linaweza kuwa na mapengo, na kingo zilizokatwa hunywa maji kama ubao mwingine. Rangi na gundi navyo havishiki vizuri juu yake.

Plaiwudi halisi ya majini, kwa kiwango cha Uingereza cha BS 1088, hutakiwa kuwa na gundi ya maji, miti inayostahimili kuoza na tumbo lisilo na mapengo. Ni ghali, na kabati la sebuleni haliihitaji. Mafundi wanaounda maboti ufukweni Ujiji wao wanaendelea na mbao nzima.

Ubao wa zege si mbaya kwa kila kitu. Unafaa juu ya meza ya kazi, benchi la uani au rafu za stoo, ilimradi kingo zizibwe kwa rangi ya mafuta. Ubaya ni kuulipia bei ya kitu usichokuwa.

Nini kiende wapi

Kwa kuta za kabati, rafu na meza, milimita 18 ndiyo salama. Milimita 12 inatosha droo na rafu fupi. Milimita 6 ni ya mgongo wa kabati. Milimita 3 iachiwe mapambo. Mgongo wa milimita 3 hauzuii kabati lisiyumbe.

Unene si jambo dogo. Rafu ya milimita 18 ina ukakamavu unaozidi mara tatu wa rafu ya milimita 12 ya urefu uleule. Nao urefu una gharama yake: rafu ikirefushwa mara mbili kwa mzigo uleule, kupinda kwake huongezeka mara nane. Kwa vitabu vya shule na vyombo vizito, usiruhusu rafu ipite sentimita 80 bila nguzo katikati. Nyuzi za uso zielekee upande wa urefu wa rafu.

Kwa kitanda cha mtoto, miguu na fremu ziwe za mbao nzima. Chaga ziwe za mbao nzima pia, au plaiwudi ya milimita 18 iliyotobolewa matundu ili godoro lipumue. Mtoto anayekojoa kitandani huloanisha chaga, na ubao uliofunikwa pande zote hufuga ukungu. Kitanda cha ghorofa kisitegemee chipubodi mahali popote panapobeba uzito.

Kwa jikoni, tumia plaiwudi ya gundi ya melamini au fenoli, na usikubali chipubodi chini ya sinki. Kwa nyumba za Kibirizi, Katonga na kwingine karibu na maji, kabati lisimame juu ya miguu ya mbao ngumu isiyopungua sentimita 10. Mwaka 2020 na 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia kwenye makazi ya ufukweni. Hata pasipo mafuriko, miguu hiyo huacha nafasi ya kudeki na kuona njia ya mchwa mapema. Acha pia upana wa vidole viwili kati ya mgongo wa kabati na ukuta.

Hesabu ya kabati moja

Plaiwudi moja huwa na futi 8 kwa 4. Chukua mfano wa kabati la nguo lenye kimo cha futi 6, upana wa futi 4 na kina cha futi 2.

Mbao mbili za milimita 18 zikipasuliwa katikati kwa urefu hutoa vipande vinne, kila kimoja futi 8 kwa 2. Vitatu kati ya hivyo hukatwa futi 6: kuta mbili za pembeni na moja ya kati. Masalia ya kila kimoja, futi 2 kwa 2, huwa rafu. Zinapatikana rafu tatu. Kipande cha nne hukatwa katikati, kikawa sakafu na dari ya kabati. Ubao wa tatu hutoa milango miwili ya futi 6 kwa 2, na masalia yake huwa ubao wa kuzibia chini. Ubao mmoja wa milimita 6 hutoa mgongo.

Jumla ni mbao tatu za milimita 18 na mmoja wa milimita 6. Msumeno hula milimita tatu hivi kila unapopita, hivyo vipimo vya mwisho vitapungua kidogo. Fundi akitaja mbao tano nene kwa kabati hilohilo, mzazi ana haki ya kumwomba achore chini aonyeshe kila kipande kinakwenda wapi. Pengine ana sababu, kama droo nyingi. Pengine hana.

Pua ya mtoto

Gundi nyingi za mbao za kiwandani zina fomaldehaidi, kemikali inayotoka taratibu hewani ubao ukiwa mpya. Ndiyo ile harufu kali inayowasha macho na koo. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Joto na unyevu huongeza kasi ya kutoka kwake, na chumba cha kulala cha bati lisilo na dari kina vyote viwili.

Hakuna haja ya hofu, kuna haja ya utaratibu. Tafuta mhuri wa E1 au E0, zinazoashiria kiwango kidogo cha hewa hiyo. Kabati jipya likae barazani au sebuleni wiki kadhaa, milango wazi, kabla ya kuingia chumba cha mtoto. Kingo zote na mgongo vipakwe vanishi au rangi, si uso tu. Madirisha yafunguliwe mchana.

Mabaki ya plaiwudi, MDF na chipubodi yasiwashiwe jiko. Gundi na rangi zikiungua hutoa moshi wenye sumu, na anayeuvuta kwanza ni mama na mtoto aliye mgongoni. Watoto wasicheze karakanani wakati wa kukata na kupiga msasa. Vumbi la mbao nalo limo katika kundi lilelile la visababishi vya saratani.

Kuna hatari nyingine isiyonukia. Plaiwudi moja ya milimita 18 hufika kilo 30 au zaidi, kwa hiyo kabati la mbao tatu ni mzigo wa zaidi ya kilo 90. Mtoto wa miaka mitatu akifungua droo na kuzifanya ngazi, linaweza kumwangukia. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA iliita zirudishwe kabati za droo milioni 29 nchini Marekani kufuatia vifo vya watoto walioangukiwa. Dawa yake ni vyuma viwili vya pembe na skurubu za kufungia kabati ukutani. Mwambie fundi aviweke siku anapoleta kabati.

Mapatano yaandikwe

Wengi humpa fundi pesa yote ya vifaa wakarudi siku ya kuchukua. Kufikia hapo puti na rangi vimeshaficha kila kitu. Ni vyema kwenda dukani pamoja, au angalau kuandika kwenye karatasi aina ya ubao, unene, idadi, vipimo na siku ya kumaliza, kisha kila mmoja abaki na nakala. Malipo yagawanywe: ya vifaa, ya kazi ikifika nusu, na ya mwisho baada ya kukagua.

Siku muhimu kuliko zote ni ile kabla ya rangi. Pita karakanani kazi ikiwa bado tupu. Sema kwa heshima: “Fundi, pole na kazi. Naomba nione mgongo na chini kabla hujapaka.” Fundi mwaminifu hatachukia, atafurahi kupata mteja anayejua kazi. Angalia kama mgongo ni milimita 6 kweli, kama maungio yana gundi na skurubu badala ya misumari pekee, na kama kingo za chini zimezibwa.

Kama pesa haitoshi kwa plaiwudi bora kila mahali, igawe kwa akili: ubao mzuri uende kwenye kuta, sakafu ya kabati na rafu zinazobeba, wa daraja la chini uende mgongoni na ndani ya droo. Na kama bado haitoshi, kabati dogo la ubao mzuri lijengwe mwaka huu, na la pili lije mwakani.